Dakika Arobaini Bila Kufika

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba mwezi wa pili, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Dakika naikumbuka kwa sababu marehemu mke wangu ndiye aliyetazama saa. Tulikuwa tumetoka getini kama tulivyozoea, mimi kushoto yeye kulia, mkono wake wa kushoto umenishika juu kidogo ya kiwiko, tunaelekea kwenye tenki la maji na kurudi, dakika arobaini bila haraka. Tukakuta njia ya waenda kwa miguu haipo. Mahali pake palikuwa na mtaro wa kina cha kiuno, tofali za njia zimerundikwa pembeni kama mzigo usio na mwenyewe, na kibao cha bati kimesimamishwa: KAZI INAENDELEA. WIKI MBILI. SAMAHANI KWA USUMBUFU.

Niliwauliza waliokuwa wanachimba nani kawatuma. Wakasema wakubwa. Nikauliza wakubwa gani. Mmoja akanyoosha koleo kuelekea mjini, yaani huko kote.

Kibao kile sasa kina miaka mitatu. Maneno "wiki mbili" yamefutwa na jua, ila "samahani" bado inasomeka. Ndani ya mtaro pameota majani, na mvua zikija vyura hufanya humo mikutano mirefu kama ya manispaa, tofauti ni kwamba ya vyura inajulikana inahusu nini.

Siku ile ile niliapa mbele ya mke wangu kwamba sitatembea matembezi katika mtaa huu mpaka walioufukua waje waufukie. Dukani nitakwenda, msibani nitakwenda, lakini ile raha ya watu wawili kunyoosha miguu asubuhi, hapana. Tukizoea kuruka mtaro wao watasema wananchi hawana shida. Mke wangu alikuwa ameshaanza kutafuta pa kupita upande wa pili, kwenye malori. Akarudi, akanitazama.

"Na wao watajuaje kwamba hatutembei?"

Nikamwambia watajua. Akacheka, tukarudi ndani.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata moyo wake ulisimama, mchana, akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Daktari alikuwa amemwambia mapema sana: wewe mama dawa yako ni kutembea. Sasa atembee wapi? Hilo ndilo nililowauliza wakubwa kwa barua kumi na moja. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nilikuwa nasema na binti yangu anaandika. Kila barua ilianza hivi: Mtaro wenu umemuua mke wangu. Zote kumi na moja zimegongwa muhuri wa "imepokelewa", na anayegonga muhuri huo pale manispaa ni mkwe wangu mwenyewe, mume wa binti. Nikimuuliza baada ya kugonga zinakwenda wapi, ananiambia, "Baba, mimi kazi yangu inaishia kwenye muhuri." Anakula mezani kwangu kila Jumapili, na namtazama anavyotafuna.

Basi mwaka huu mguu wangu ukaanza. Nikitembea kidogo tu, shavu la mguu linabana kama limeshikwa na koleo la fundi bomba. Nikisimama, linaachia. Daktari akanitembeza kwenye korido ya hospitali huku ameshika saa. Nilifika dakika ya tatu nikashika ukuta. Akasema mishipa ya damu imekuwa myembamba, na tiba ya kwanza ni ile ile: tembea mpaka iume, simama ipoe, tembea tena, nusu saa kila siku kwa miezi mitatu. Akaniuliza kwa nini sitembei mtaani kwetu. Nikamweleza habari ya mtaro. Akasema kuna upande wa pili wa barabara. Nikamweleza habari ya kiapo. Yeye akamtazama binti yangu, binti akatazama dari.

Nje, kwenye benchi, binti akaniambia yaliyo moyoni mwake. Alisema kwa upole, na upole wake naujua, ni wa mama yake, hauna mlango wa kutokea. Kama baada ya miezi mitatu hali ni ile ile, nitahamia kwao na nyumba itafungwa. Kwao ni ghorofa ya nne, lifti ni shimo lenye mlango. Nikipanda kule na mguu huu, nimepanda moja kwa moja. Nitakuwa naangalia dunia kutoka dirishani, na Jumapili zote saba za wiki nitakuwa na mkwe wangu.

Nikamuuliza, "Nikiweza kutembea bila kutoka nyumbani je?"

Akasema zipo mashine. Mtu anatembea, mkanda unarudi nyuma, hafiki popote. Mume wake anaweza kuitafuta kwenye simu ikaletwa kesho. Hapo nikamzuia. Mimi nimefanya kazi ya mikanda kiwanda cha saruji miaka thelathini na moja. Mikanda ya kubeba mawe, mikanda ya kubeba mifuko, mirefu kuliko mtaa wetu. Nilikuwa nikitazama mkanda uliosimama nakuambia zamu iliyopita nani alikuwa anaweka mfuko na nani alikuwa anautupa, maana kila mtu anaacha alama yake kwenye raba. Sasa mkanda wa kwanza kuingia nyumbani kwangu uchaguliwe na mgonga muhuri?

Nikakubali mashine kwa sharti kwamba naichagua mwenyewe. Na niseme ukweli, kutoka siku hiyo nilikuwa na hamu ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Kiwandani mkanda unatembea na mtu amesimama. Hii ni kinyume chake kabisa: mtu ndiye mzigo, na mzigo unatembea ili ubaki pale pale. Nilitaka kujua nani alikaa akafikiria kitu kama hicho, na ndani yake kimekaaje.

Kwanza nilijipima. Nilinyunyiza unga kwenye korido nikatembea peku, mwendo wa kawaida, halafu mwendo wa mtu aliyechelewa. Nikachukua kamba, nikapima hatua ndefu kuliko zote, nikafunga fundo. Upana wa miguu yangu ikiwa imetawanyika, fundo. Mlango wa chumba, fundo. Kutoka utosini mwangu hadi dari, fundo, maana mtu akipanda juu ya mashine anaongezeka urefu na sikutaka kutembea nimeinama kama mwizi. Binti alikuja akakuta unga korido nzima. Akauliza kama nina homa.

Duka lenyewe lilikuwa kubwa, baridi, mashine zimepangwa zote zinatazama ukutani kama wanafunzi waliokosea. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye tai, mwenye maneno mengi, akatupeleka moja kwa moja kwenye kubwa yenye kioo kipana. Akabonyeza, ikatokea njia ya msituni, ndege wanalia. Akabonyeza tena, ufukwe. Akasema mzee ukitembea hapa utadhani uko kule. Nikamwambia miaka mitatu nadanganywa bila kioo, aniinulie kifuniko cha mbele nione mota.

Hakupenda. Lakini binti alimwambia amfanyie baba tu, na bisibisi ninayo mwenyewe mfukoni. Kwenye boksi waliandika nguvu ya farasi watatu. Kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mota yenyewe, herufi za sisimizi, mmoja na robo. Muuzaji akasema pengine ni makosa ya uchapaji. Si makosa. Watatu ni nguvu ya mota ikishtuka, kwa sekunde chache kabla haijaungua. Mmoja na robo ndiyo nguvu yake ya kufanya kazi kutwa. Kiwandani meneja aliwahi kununua mota kwa kusoma boksi. Iliungua wiki ya pili, na barua ya onyo nikaandikiwa mimi.

"Mzee wewe ni injinia?" muuzaji akauliza.

"Injinia ndiye aliyesaini ile mota ya meneja. Mimi nilikuja kuifungua ikiwa majivu."

Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kusukumiwa chini ya kitanda, haina vishikio. Nikatandaza kamba yangu: upana wake haufiki fundo. Nikapanda hata hivyo, kwa udadisi tu. Ni kama kutembea juu ya ubao wa kupigia pasi. Mguu wa kushoto ulikanyaga plastiki, mwili ukaenda pembeni, na binti akanidaka kwa mkanda wa suruali mbele ya watu wote. Akasema hiyo tusiitaje tena.

Ya tatu niliizunguka mara mbili. Nzito, haina ndege wala ufukwe, namba tatu tu: muda, mwendo, umbali. Rola zake nene kama mkono wa mtu. Ukiiwasha inaanza taratibu sana, kama inakuomba ruhusa, na ina kamba nyekundu ya kubana kwenye shati, ukianguka inachomoka na mkanda unasimama papo hapo. Niliomba iwashwe bila mtu juu. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha rola ya nyuma, mpini kwenye sikio.

Muuzaji akamuuliza binti nafanya nini. Nikamjibu mimi, "Hii ni simu. Naongea na beringi."

Ilisema vizuri. Hakuna mikwaruzo, hakuna kigugumizi, sauti moja tu laini kama mtu anayevuta uzi mrefu. Nikapanda. Dakika ya tatu mguu ukaniuma kwa muda wake ule ule, nikasimama, nikaendelea. Nilishuka nikiwa nimeshakata shauri. Nikawaza hata pa kuiweka: chumba cha mbele, mgongo wa mashine uachwe hatua mbili kutoka ukutani ili nikirushwa nisikutane na tofali.

Muuzaji akaandika jina la mtaa wetu, akampigia dereva wake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia sauti ya dereva ikicheka ndani ya simu. Mtaa wenye ule mtaro? Lori halifiki getini, na mzigo huo haubebeki kutoka upande wa pili wa barabara, watu wawili hawawezi, na mbao za kuvukia zitavunjika. Muuzaji akaweka simu mezani akasema anasikitika. Hata mashine ya kuniepusha na mtaro wao, mtaro wao umeizuia. Nilimwambia binti aandike barua ya kumi na mbili. Binti alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, na mimi nikiwa nimekasirika hivyo nikaona kabisa anavyofanana na mama yake.

Tukiwa njiani ndipo akakumbuka. Fundi cherehani, yule rafiki ya mama, anayo moja aliyonunuliwa na kaka yake zamani, haitumii na inamlia nafasi. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu kwa uchochoro wa nyuma. Wanaume wanne wanaibeba bila kugusa mtaa.

Fundi huyu nilimfahamu kwa jambo moja. Mwezi wa tano wa mwaka ule wa mtaro, mke wangu alianza kwenda kwake kushonewa gauni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anaaga, anakwenda kupimwa. Mwezi ukapita, miwili, mitano, gauni halionekani. Nilikuwa nikimtania mezani kwamba gauni gani hilo la miezi minane, linashonwa au linazaliwa. Anasema fundi ana wateja wengi. Nilimweka huyo fundi katika daftari langu la watu wazembe, karibu kabisa na wakubwa wa mtaro, na msibani nilimpa mkono bila kumtazama.

Tukaenda siku ya pili yake saa nne asubuhi. Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, cherehani dirishani, vipande vya kitambaa vimefagiliwa kwenye kona, na nyuma ya pazia ilikuwepo. Sikuitambua mara moja. Vishikio vyote viwili vilikuwa vimebebeshwa mzigo wa nguo za wateja, suruali huku, magauni kule.

"Karibu shemeji," akasema. "Hilo ndilo kabati langu."

Nikamwomba tuivue nguo. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya dukani, ila ya watu waliojua kazi: chuma, rola nene, kibati cha mota na maandishi ya kifuniko vinasema namba ile ile. Kamba yangu ikakubali kila fundo. Nilianza kufurahi. Nikachuchumaa na tochi, nikaukokota mkanda kwa mkono taratibu ili upite wote mbele ya macho yangu, kama nilivyofanya maelfu ya mara kiwandani. Wao wawili wakaendelea kuongea habari za vifungo.

Mkanda ulikuwa umetembewa na watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mwepesi, hatua fupi, anatembea katikati kabisa. Nikamtazama fundi, mwanamke mdogo, miguu ya mtoto. Huyo alikuwa yeye, na hakuwa ametembea sana. Wa pili ndiye aliyekuwa ameula mkanda. Alitembea upande wa kulia, mguu wa kushoto umenyooka lakini wa kulia umegeuka nje, na kisigino cha huo wa kulia kinaburuza kidogo kila hatua. Kishikio cha kulia raba yake ilikuwa mpya. Cha kushoto ilikuwa imelainika mahali pamoja, upana wa kiganja. Mtu aliyeshika kwa mkono wa kushoto tu.

Nilidhani ni hamu yangu inanichezea. Nikalowesha kidole mate nikasugua pale kisigino kilipoburuza. Kidole kikarudi cheusi.

Sasa ni lazima nieleze. Mke wangu alikuwa akimaliza kiatu cha kulia kwa nje kabla ya cha kushoto, tangu usichana wake. Mafundi viatu walishindwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakata vipande vya mkanda chakavu wa kiwandani, raba ile nyeusi ya kubebea mawe, na kumgandishia chini ya kisigino cha kulia. Raba hiyo haiishi, ila inaacha weusi sakafuni, na alinilalamikia miaka yote kwamba nyumba yake ina mistari kama barabara. Raba hiyo haiuzwi dukani. Hakuna kiatu kingine mtaani kwetu chenye raba hiyo.

Nikauliza nikiwa bado nimechuchumaa, "Shemeji, nani mwingine alikuwa anatembea hapa?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, zote, hakuna aliyemharakisha.

"Nilidhani unajua," akasema. "Siku ya msiba ndipo nilipoona hujui. Nikanyamaza."

Alikuja mwezi wa tano, akasema ameambiwa na daktari atembee na nyumbani hakutembeki. Siku tatu kwa wiki. Anashika kwa mkono wa kushoto, anatazama dirishani, dakika arobaini kamili kisha anashuka. Fundi alimwambia mara nyingi kwamba mashine inaruhusu hata nusu saa. Yeye alisema hapana, dakika ishirini anakuwa amefika kwenye tenki, na lazima arudi. Gauni lilikuwepo kweli. Lilikatwa mwezi wa tano, na halikwisha kwa sababu kila akikaribia kulimaliza inabidi alipunguze. Alilipunguza mara mbili.

Binti alikuwa amekaa juu ya rundo la vitambaa. Alisema neno moja tu, kumbe.

Mimi nilikuwa nahesabu barua. Kumi na moja, na ya kumi na mbili iko mdomoni, zote zinasema atembee wapi. Kumbe alikuwa anatembea, nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakati mimi nimekaa nyumbani nawangoja wakubwa waje. Mtaro ni wao, na ni haramu, na mpaka leo nasema hivyo. Wafukie. Lakini niliwapa kosa ambalo hawakulifanya, tena kwa maandishi, na mkwe wangu akaligonga muhuri. Hasira yangu ilikuwa imezoea kwenda mahali fulani, na sasa ilifika ikakuta mlango umefungwa, ikarudi, ikawa inazunguka mule chumbani inatafuta mtu.

Nikasema mkanda umeanza kuvutwa kushoto, skrubu ya nyuma inataka robo mzunguko. Nikasema tunaichukua.

Wanaume wanne waliipitisha uchochoroni siku ya Jumamosi, mmoja wao mkwe wangu, na lazima nikiri alibeba upande mzito bila kulalamika. Nikamwambia akishamaliza naomba barua zangu. Akasema zimeshapokelewa, haziwezi kurudi. Nilijua atasema hivyo. Nikaimwagia rola mafuta, nikasafisha vumbi la nyuzi kwenye mota, likajaa kikombe kizima, nikakaza skrubu robo mzunguko. Mkanda ulistahili kubadilishwa. Mtu angeniletea mkanda ulioliwa hivyo kiwandani ningeukata siku ile ile. Huu sikuukata. Isitoshe natembea upande wa kushoto, na fundi yeyote wa mikanda atakuambia kutembea upande mmoja kunaumaliza mkanda mapema. Najua. Naangalia tu ile sehemu ya kulia inavyopita tupu kando yangu.

Siku ya kwanza, dakika tatu. Wiki ya pili, tano. Kuna siku nilishuka nikaipiga teke. Wiki ya saba nilifika kumi na moja nikiwa nimesahau kutazama, kwa kuwa nilikuwa nawaza kona ya duka la mbao, kama pale dakika ya kumi na moja ndipo tulipokuwa tunafika au bado. Miezi mitatu ilipotimia daktari alinitembeza kwenye korido ile ile. Saa yake ikasema dakika kumi na tisa kabla sijashika ukuta. Akasema upasuaji hauna haja kwa sasa, niendelee. Binti aliandika hiyo kumi na tisa kwenye simu yake, na kurudi nyumbani hakuitaja tena ile ghorofa ya nne. Aliuliza tu kama chumba cha mbele kinahitaji pazia.

Wiki iliyofuata fundi akaja, asubuhi, na mfuko wa karatasi. Nilikuwa juu ya mashine. Sikushuka, nikampungia aingie. Akalitoa gauni, la kijani, mistari myembamba, akaliweka juu ya kiti. Kiuno chake kilikuwa kidogo kuliko ninavyokumbuka. Akasema alikuwa analisubirisha mpaka mguu wangu ujulikane.

Nikamuuliza lile nililolibeba tangu siku ya tochi. Miezi minane, mtu analala ubavuni mwangu, ananiangalia nikiwasema wale wa mtaro kila siku, anajua anakotoka. Kwa nini hakuniambia?

Fundi hakukaa. Alilinyoosha gauni begani, kama kuna mtu ndani yake, na bila kunitazama akaniuliza neno ambalo mpaka leo, wiki ya sita, napanda nalo kila asubuhi na kushuka nalo, ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, na bado sijalijibu. Binti nimemuuliza, kainuka kupima dirisha la pazia. Mkwe nimemuuliza, akasema hilo haliko kwenye idara yake.

"Angekuambia, shemeji, ungekuja?"